Marehemu Anayesaga Unga Cheyo

Minza alipata habari za kifo chake mwenyewe asubuhi, akiwa amesimama mbele ya mashine yake ya kusaga pale Cheyo, unga umemjaa kwenye nyusi.

Aliyezileta hakujua anacholeta. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Igunga, amefikia kwa ndugu zake mtaa wa pili, kaja na ndoo ya mahindi ya dona. Foleni ilikuwa fupi, na mama huyu alikuwa wa wale ambao kimya huwawasha. Akajitambulisha kwa jina la Apolinaria, akasifia mashine inayoendeshwa na mwanamke, kisha akaeleza kuwa wamekuja mjini kwa jambo la heri. Kijana wake Nestory, fundi umeme huko Nzega, amepata mchumba, na kesho wanakwenda kukaa na wazee wa binti.

"Wazee wenyewe mjomba tu," alisema akitikisa kichwa. "Binti yatima, maskini. Baba alikimbia, mama akafariki binti angali mdogo. Kalelewa na mjomba wake huko Chemchem, bwana mmoja anaitwa Anton Mahona. Unamfahamu?"

"Namfahamu," alisema Minza.

"Na binti mwenyewe, Asnath, ana adabu yule, acha tu! Marehemu mama yake angekuwepo kesho angefurahi."

Minza alisukuma swichi, mashine ikanguruma, na ngurumo ile ikamwokoa asiseme neno. Akasaga ndoo yote bila kuinua macho, akakung'uta chekeche, akafunga mfuko, akamkabidhi mama wa watu unga wake. "Karibu tena," alimwambia. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini mikono ya Minza hutetemeka siku zote kwa sababu ya dawa. Asiyejua hawezi kutofautisha mtetemeko wa dawa na mtetemeko wa mtu anayetaka kuvunja kitu.

Asnath ni mwanawe wa kumzaa, na hana mwingine. Anton ni kaka yake, tumbo moja. Na Minza alikuwa hai, amekula uji asubuhi ile ile, viatu viko miguuni.

Hasira yake haiwezi kueleweka bila kurudi nyuma.

Asnath alipokuwa darasa la tatu, usingizi ulimwacha Minza. Hakuwa na mawazo ya kumkosesha usingizi kama watu wengine. Hakuuhitaji tu. Aliamka kabla ya jogoo akiwa na nguvu za watu kumi, akaosha, akafua, akapaka nyumba chokaa, na bado mwili ulikuwa unadai kazi. Maneno yalimtoka kwa kasi, moja halijafika lingine limeshaingia. Aliona kila kitu kinang'aa. Baada ya siku chache alianza kugawa unga bure kwa kila apitaye, na watu wakapanga foleni mpaka barabarani. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Mama Asnath, kulikoni?" Unga wa bure hauulizwi kulikoni. Hilo nalo hajalisahau mpaka leo, na wengi wa waliobeba unga ule ndio baadaye waliomwita chizi.

Babu wa babu yake alikuwa pagazi, mmoja wa Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani kati ya Ujiji na pwani. Hadithi za namna hiyo kila ukoo unazo, na watu husimuliana wakati wa kupukuchua mahindi, basi. Lakini katika siku zile Minza alipata hakika, hakika kama ya mtu anayeuona mkono wake, kwamba kuna mzigo uliachwa njiani na yeye ndiye aliyeitwa aufikishe. Akajitwisha nusu gunia la mahindi akashika njia ya magharibi kwa miguu. Walimkuta mbele sana, njia ya Urambo, nyayo zimepasuka, anaimba na kuwahimiza wapagazi ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Ule ulikuwa ugonjwa. Una jina na una dawa. Siku ile hakuna aliyetaja jina hilo wala dawa hiyo. Anton alisema dada yake amerogwa, mume wake Mhoja akaitikia, na kabla ya jua kutua walikuwa wamempakia kwenye pikapu wakampeleka kwa mganga, kijiji kimoja cha ndani, mbali na barabara ya Nzega.

Kule walimtia gogo. Asiyelijua gogo na ajue: ni shina la mti lililotobolewa tundu la kupitisha mguu, kisha chuma kikagongewa juu ya kifundo ili mguu usitoke. Unalala na gogo, unajisaidia na gogo. Minza alikaa na gogo tangu mvua za kwanza mpaka watu wanang'oa karanga. Alipigwa ili pepo atoke. Alinyweshwa mizizi mpaka akatapika nyongo. Zile nguvu zilipokwisha zenyewe, kama zinavyokwisha hata pasipo mganga, likaja giza. Hakuweza kunyanyua kikombe. Alijua kwamba ana mtoto, lakini kujua huko kulikuwa mbali, kama taa ya nyumba ya watu wengine. Mganga akamwona amenyamaza, akatangaza kuwa dawa imeshika. Lakini hakumfungua.

Mhoja alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na mpaka leo hajaleta hata salamu.

Aliyemtoa kwenye gogo ni Bi Fakhria, mwenye jengo ambalo mashine imo. Ni mama wa Kiarabu, ukoo wake umefanya biashara Tabora tangu enzi za misafara, na mwenyewe ana duka la vitambaa. Aliona mashine imefungwa mwezi baada ya mwezi, akauliza, akadanganywa, akauliza tena. Alipopata ukweli alikodi gari, akamchukua askari mmoja na muuguzi mmoja aliyefahamiana naye, akaenda. Watu humsifu Bi Fakhria kwa huruma. Yeye hukataa. Husema alikwenda kwa hasira, kwa sababu kaka yake Humaidi aliugua ugonjwa wa aina hiyo hiyo, na familia ilimfungia chumba cha uani, huku wageni wakiambiwa yuko Maskati. Humaidi alifia mle chumbani. Mazishi yake ndiyo yaliyowashangaza majirani, maana hawakujua kama amewahi kurudi.

Hospitalini, pale Kitete, daktari alimweleza Minza kwa maneno ambayo ameyashika hadi leo. Kama presha ya damu inavyopanda na kushuka, alimwambia, kuna watu ambao hisia na nguvu zao hupanda zikapitiliza, kisha hushuka zikapitiliza. Hakuna aliyekuroga. Hukufanya kosa. Utakunywa dawa, utalinda usingizi wako kama mtu anavyolinda moto wakati wa mvua, na utaishi.

Na kweli ameishi. Miaka imepita mpaka Asnath, aliyebaki kwa Anton tangu siku za gogo, akawa mtu mzima anayeuza mbegu na mbolea kwenye duka la pembejeo. Ila kuishi huko kuna kazi ambayo watu hawaioni. Dawa ya jioni humfanya asubuhi awe mzito kama aliyelala chini ya gunia, ndiyo maana mashine yake hufunguliwa jua likiwa limepanda, na wateja wa alfajiri wamekwenda kwingine. Mdomo hukauka, hutembea na chupa ya maji kama msafiri. Amenenepa, na nguo zake za zamani amezigawa. Hakeshi kwenye misiba, hakeshi kwenye harusi, na kwa Wanyamwezi mtu asiyekesha msibani huhesabiwa ana roho mbaya. Akiamka siku moja na furaha nyingi, hawezi kuifurahia moja kwa moja. Lazima kwanza ajiulize kama ni furaha ya kweli au ni ule ugonjwa unabisha hodi. Zipo mara mbili tatu alipolegea, akarudi wodini, akatoka.

Yote hayo aliyameza. Jambo moja tu lilimkaba kooni miaka yote. Mtu mwingine akikasirika, watu husema ameudhiwa, na hutafuta aliyemuudhi. Minza akikasirika, watu huulizana kama amekunywa dawa. Mteja akimwibia unga, naye akapaza sauti, huulizwa, "Umekunywa dawa leo?" Jirani akimwaga maji machafu mlangoni kwake, naye akalalamika, huambiwa, "Mama Asnath, dawa unakunywa lakini?" Ugonjwa ulimchukulia mambo mengi, lakini haki ya kukasirika hakunyang'anywa na ugonjwa. Alinyang'anywa na watu. Kwa hiyo akajifunza kuibeba hasira kama mtu anavyobeba uji wa moto kwenye sahani, polepole, pasipo tone kudondoka. Usiku alilala nayo, mchana alisaga nayo.

Sasa walikuwa wamemzika.

Alifunga mashine mapema, akaenda dukani kwa Bi Fakhria akamweleza. Bi Fakhria alikuwa anapima kitambaa. Alikiacha kikaanguka mezani.

"Asnath naye anajua?"

"Asnath ndiye bibi harusi, Bi Fakhria. Atakosaje kujua? Kila Jumapili anakuja kwangu baada ya kanisa. Jina la huyo Nestory ameshanitajia. Namwuliza mtakuja lini nimwone, ananijibu, bado Mama, mambo yakiwa tayari nitakuambia. Kumbe ananiangalia usoni anaona kaburi."

"Nitakwenda na wewe kesho."

"Hapana. Nikienda na mtu watasema nimeletwa. Nitakwenda peke yangu, kwa miguu yangu."

"Basi leo lala, mwanangu," alisema Bi Fakhria. "Kunywa dawa yako, ulale. Wanangoja ufike na macho mekundu. Usiwape."

Minza alilala. Si kazi ndogo, kulala na moto kifuani, lakini kulala ndiyo ilikuwa silaha yake na alijua. Siku ya pili alioga, akavaa gauni la kitenge lililonyooshwa, akakagua vifungo vyote kimoja kimoja, maana kifungo kimoja kikikosa tundu lake kwa mtu mwingine ni haraka, kwake ni dalili. Akashika njia ya Chemchem.

Kwa Anton kulikuwa na viti vya kukodi uani na harufu ya pilau. Wa kwanza kumwona alikuwa Koleta, mke wa Anton, akiwa na mwiko mkononi. Alimkimbilia, akamshika kiwiko kwa upole wa kuogofya, ule upole ambao watu huutumia kwa ng'ombe mkali.

"Wifi! Jamani wifi yangu! Hukusema unakuja. Njoo tukae huku nyuma, nikupe soda, upumzike."

"Sijachoka, wifi. Wageni wako wapi?"

"Wifi, nakuomba, si leo. Mambo ya watoto haya."

"Mtoto ni wangu," alisema Minza, akautoa mkono ule kiwikoni kwake, akaingia sebuleni.

Watu walikuwa wamekaa pande mbili, wageni huku, wenyeji kule, na Anton katikati kwenye kochi kubwa, koti jeusi, sauti ya mzee wa baraza. Ilikatika katikati ya neno. Minza alisalimia vizuri, waliostahili shikamoo akawapa, akaitikiwa marahaba. Kisha Apolinaria akapiga kofi la furaha.

"Mama wa mashine! Kumbe na wewe ni wa humu?"

"Ni wa humu, mama. Mimi ndiye mama yake Asnath. Yule marehemu."

Anton akasimama, akawatazama wageni kwa uso wa mtu anayeomba radhi kwa mvua.

"Wazee wangu, samahani sana. Huyu ni dada yetu, ana matatizo ya akili siku nyingi. Hajielewi." Kisha akamgeukia. "Minza, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Wewe umekunywa nini mpaka ukanizika?"

"Mnaona?" Anton aliwaambia wageni. "Ndivyo anavyoanza." Akawaashiria vijana wawili waliokuwa mlangoni. "Mchukueni shangazi yenu, taratibu, msimuumize."

Vijana walikuja. Minza alisikia kifundo cha mguu kinamuuma mahali palipokuwa na chuma, kana kwamba mguu ulikumbuka kabla yake. Alitaka kupiga yowe. Alitaka kuipindua ile meza ndogo yenye soda na vitambaa vya kufuma. Alijua kwamba akipiga yowe moja tu, mambo yamekwisha. Watambeba, wageni watasema pole, na kifo chake kitakuwa halali. Basi akavuta kiti kilichokuwa wazi upande wa wenyeji, akakaa, akaweka mikono yake miwili mapajani.

"Msiniguse," aliwaambia vijana, kwa sauti ya kawaida. "Nina haki ya kukaa hapa kuliko mtu yeyote aliyekaa. Mikono inatetemeka kwa dawa, na kwa hasira pia. Mwenye kutaka kujua lolote na aniulize mimi. Nipo."

Hakuna aliyeuliza. Kisha Apolinaria akasogea mbele kwenye kiti chake. Ile furaha yake ilikuwa imeondoka, ameingia mwingine, mama mkali wa kijijini anayejua kuchagua ng'ombe.

"Mimi nauliza. Unaumwa nini?"

Katika miaka yote ile, hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kumwuliza hivyo. Walimwambia anaumwa nini, hawakumwuliza. Minza akaeleza. Alieleza usingizi unavyokimbia, nguvu zinavyopanda, maneno yanavyogongana, akaeleza safari ya Urambo na gunia kichwani, na alipofika kwa wale wapagazi aliowaona, mzee mmoja upande wa wageni akaguna. Akaeleza giza linalofuata, ambapo kunawa uso ni kazi ya kutwa. Akaeleza hospitali na dawa. Kisha akapandisha pindo la gauni kidogo, akawaonyesha kovu linalozunguka kifundo.

"Hili si la ugonjwa," alisema. "Hili ni la ndugu zangu."

"Minza!" alifoka Anton.

"Mwache amalize," alisema Apolinaria. Naye hakuwa na huruma usoni. "Nakuuliza tena. Ugonjwa huu, binti yako anao? Wajukuu wangu wataupata?"

Hapo angeweza kudanganya. Kila mtu mle ndani alikuwa ameshadanganya.

"Sijui," alisema Minza. "Daktari alisema unaweza kutembea kwenye ukoo, na unaweza usitembee. Asnath hajaonyesha dalili. Zaidi ya hapo nikikuambia nitakuwa nakuongopea."

Mguno ulipita kwa wageni. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka, akatoka Asnath, nywele zimesukwa kwa ajili ya siku hiyo, machozi yamemharibu uso. Nestory alisimama, lakini Asnath hakumwangalia.

"Umeridhika, Mama? Umeridhika sasa?"

"Sijaridhika. Ulisema nimekufa."

"Nilisema!" Asnath alipiga kifua. "Mjomba alitoa wazo, mimi nikakubali, tena nikashukuru. Unajua kwa nini? Nilikuwa mtoto mdogo, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa nikipelekwa kule na uji wako kwenye kopo. Mimi ndiye niliyekuona kwenye lile gogo unanitazama hunijui. Shuleni wakanipa jina, wakaniimbia mpaka namaliza. Kila mvulana aliyenipenda aliambiwa, usimguse yule, mama yake ana wazimu. Huyu ndiye wa kwanza asiyejua. Nilitaka mtu mmoja tu asiyejua!"

Minza alikuwa amekuja na hasira yenye haki, imenyooka kama fito, na sasa mbele yake imesimama hasira nyingine yenye haki, na mwenye nayo ni mwanawe. Alitamani kumkumbatia na kumzaba kibao kwa mkono huo huo.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Yote hayo ni kweli. Lakini mimi sikuchagua, Asnath. Wewe umechagua."

Wageni waliaga bila kula. Nestory alitoka wa mwisho, akageuka mlangoni akamtazama Asnath.

Siku iliyofuata, mashine ikiwa imejaa wateja, Anton alikuja. Hakusalimia. Alisimama mlangoni akaanza kumporomoshea maneno juu ya mlio wa mashine, kwamba ameaibisha ukoo, amevunja ndoa ya mtoto, hana shukrani kwa watu waliomlelea binti alipokuwa hajui hata jina lake. Minza alizima mashine. Mkanda ulizunguka wenyewe kidogo, ukasimama. Na katika utulivu ule hasira ya miaka yote ikapanda, naye kwa mara ya kwanza hakuishika.

"Ulinifunga, Anton!" Sauti yake ilijaa chumba, ikatoka mtaani. "Mimi dada yako! Uliona chuma kinagongwa juu ya mguu wangu ukasimama unaangalia! Mbwa wako akiugua unampeleka kwa daktari wa mifugo, mimi ukanipeleka porini nikapigwe! Miezi! Ulikuja mara ngapi? Ulikuja kuangalia kama nimeshakufa! Na nilipokataa kufa, ukangoja, ukangoja, ukaniua kwa mdomo mbele ya watu, ili upate kukaa kwenye kochi uitwe baba mkwe! Aibu ya ukoo si mimi. Mimi niliugua. Wewe ulikuwa mzima ulipofanya yale. Ulikuwa na akili zako zote!"

Alipoishiwa Kiswahili akaendelea kwa Kinyamwezi, na maneno yale, wenye kuyaelewa walitazama chini. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Alijua wanachongoja. Walingoja avue nguo, au acheke, au ashike kisu. Anton naye alilingoja hilo, Minza aliliona machoni mwake, likikaribia kuwa tumaini.

Minza alikunywa maji kutoka kwenye chupa yake. Akajifuta uso kwa kanga.

"Nimemaliza," alimwambia Anton. "Ondoka kwenye mlango, watu wanataka kusaga." Kisha akawageukia wateja. "Nani anafuata?"

Mwanamke mmoja akasukuma debe lake mbele. "Mimi, Mama Asnath. Mahindi ya kukoboa."

Mashine ikawashwa. Anton alisimama muda mrefu, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, halafu akaenda zake. Mpaka leo hajaomba radhi, na Minza hategemei.

Apolinaria alirudi kutoka Igunga karanga zikiwa zimeshaanikwa, akamkuta Minza anafagia pumba. Hakuja na cheko lile la kwanza.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Kisukuma, kama mama kwa mama, na Minza akaitikia.

"Nimekuja na hasira," alisema Apolinaria, akikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Nilikaa nyumbani nikafikiri nimekukasirikia wewe. Kumbe sivyo. Nimemkasirikia kaka yako. Mtu anayesema aliye hai amekufa, kesho ataniambia nini kuhusu mkwe wangu? Na huyo binti yako nimemkasirikia. Nestory amemsamehe, vijana wanasamehe upesi. Amekataa kuachana naye. Amesema kama ni ugonjwa, hata sisi kwetu tuna wa kisukari na wa kifafa, mbona hatukuwazika."

"Na wewe?"

"Mimi nakuogopa, sikufichi. Nilipokuona ukieleza mambo ya wale wapagazi, mwili ulinisisimka. Lakini uliponijibu 'sijui', nilikuamini. Kikao kianze upya, kwako, na wewe ukiwepo. Kaka yako akitaka aje akae nyuma."

Kikao kilifanyika uani kwa Minza, mchana kweupe, kikaisha mapema ili mwenye nyumba apate kulala. Anton alikuja, akakaa nyuma. Ndoa ikafungwa. Kwenye sherehe walimpangia Minza kiti cha mbele, na wako waliokuwa wakimchungulia usoni usiku ule kuliko walivyomwangalia bibi harusi. Aliondoka watu wakiwa bado wanacheza. Walionung'unika walinung'unika.

Baada ya hapo Asnath alikaa Nzega muda mrefu bila kuja. Alipiga simu, salamu fupi, habari za mvua, basi. Kisha Jumapili moja akaja, peke yake, tumbo limeanza kuonekana. Alikaa kwenye benchi la wateja, mashine ikiwa kimya, unga wa jana umetanda kila mahali.

"Bado nina hasira na wewe," Minza alimwambia. Hakuona sababu ya kuanza na kitu kingine.

"Najua, Mama. Na mimi bado."

"Sawa."

Nje, mtu alipita akiuza maziwa kwa baiskeli. Asnath alipitisha kidole kwenye unga ulioshika ubao wa benchi, akachora mstari, akaufuta.

"Muuguzi wa kliniki ameniuliza kama kuna ugonjwa kwenye ukoo," alisema. "Nikamwambia upo. Akataka nieleze, nikagundua siujui. Nimeishi nao utoto wote na siujui." Akainua macho. "Nieleze. Ulianzaje? Niangalie nini?"

Minza aliondoa ndoo iliyokuwa kati yao, akakaa karibu. Akaanza na usiku ule wa kwanza, alipoamka na nguvu ambazo hakuzielewa, na hakumpunguzia mwanawe hata neno moja.